Klampu au Kuchomelea? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ekzosi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha Toyota Premio ambayo hunipeleka kazini hapa Mbarara na, mwisho wa wiki, shambani kwa barabara ya changarawe. Sailensa ya zamani ilipooza kwa kutu, nilinunua ekzosi nyingine isiyo ya kampuni iliyotengeneza gari. Ni vipande vinavyoingiliana, na muuzaji alinipa klampu tatu za umbo la U. Gereji ya kwanza ilizifunga, lakini baada ya wiki tatu gari likaanza kunguruma na harufu ya moshi ikawa inasikika ndani. Fundi wa pili anasema klampu hazidumu, kwa hiyo tuchomelee maungio yote. Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi, ananionya kwamba nikichomelea nitajuta. Nimsikilize yupi? — Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu msomaji, fundi na mzee wako wote wana hoja, ila wanakosea wanapoyachukulia maungio matatu kana kwamba ni kitu kimoja. Kabla hamjashika spana wala mashine ya kuchomelea, gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, kisha kila ungio litazamwe peke yake kwa swali moja tu: je, hapa patahitaji kufunguliwa siku nyingine? Ungio la sailensa litafunguliwa, kwa kuwa sailensa ndiyo huoza mapema. Lile lililo karibu na ekseli ya nyuma nalo litafunguliwa, kwa sababu bomba hupinda pale ili lipite juu yake, na kulitoa likiwa zima ni kazi ngumu sana. Lakini ungio la katikati, linalounganisha vipande viwili vya bomba jipya vilivyonyooka, huenda lisiguswe tena maisha yote ya ekzosi hiyo. Hilo lichomelewe, mengine mawili yafungwe kwa klampu, ila si kwa klampu ulizopewa.

Klampu ya umbo la U hailikumbatii bomba, bali hulibana mahali pachache na kulibonyeza. Ukiikaza kidogo, inalegea. Ukiikaza sana, bomba la nje hubonyea pamoja na lile la ndani, na mfereji unaotokea huyafungia mabomba hayo kama pete iliyokwama kidoleni, huku pande ambazo hazikubanwa zikibaki na mwanya mwembamba wa kupitisha gesi. Nimewahi kukata kwa grainda sailensa ambayo bado ilikuwa nzima, kwa sababu tu ya mfereji wa kina cha milimita mbili au tatu ambao nyundo na joto la gesi havikuweza kuufungua. Iliniuma, kwa kuwa mwenye gari alilipia sailensa mpya ambayo hakuihitaji.

Nunua klampu za mkanda, yaani lile bamba pana la chuma kisichoshika kutu linalolizunguka bomba lote na kukazwa kwa bolti moja au mbili. Mkanda huo hugawa nguvu kwenye mzingo mzima, huziba vizuri zaidi, na siku ya kufungua hauachi bomba limebonyea. Ni ghali kuliko U, na kwa maoni yangu inafaa kulipia tofauti hiyo. Ukienda kuitafuta, iwe hapo Mbarara au kwenye maduka ya vipuri ya Kisekka mjini Kampala, usikisie ukubwa: pima kipenyo cha nje cha bomba, kwa kuwa bomba la inchi 2 ni milimita 51 na la inchi 2 na robo ni milimita 57, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuifanya klampu isishike.

Namna ya kufunga ina uzito sawa na klampu yenyewe. Bomba la upande wa injini liingie ndani ya lile linalofuata kwa sentimita nne au tano, na kama bomba la nje limekatwa mipasuo mwishoni, mkanda uifunike yote. Anza kwa kukaza kwa mkono tu. Ning'iniza ekzosi yote kwenye raba zake, hakikisha haigusi bodi wala ekseli, ndipo ukaze kwa spana kuanzia mbele kwenda nyuma. Endesha siku moja au mbili, kisha ukaze tena injini ikiwa imepoa. Gereji nyingi huiacha hatua hii ya mwisho, na siwezi kushangaa kama ndiyo iliyokosekana kwako.

Raba hizo zikaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote chini ya gari, kwa sababu makosa mengi yanayobebeshwa klampu au mchomeleaji ni ya raba iliyokatika. Ekzosi haitulii. Injini hutikisika juu ya maunti zake, yaani vishikizo vyake, na chuma hurefuka kwa joto: bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 3, likipata joto la nyuzi 300 zaidi, hurefuka takriban sentimita moja, na la chuma kisichoshika kutu hukaribia sentimita moja na nusu. Kama raba zimekufa na kila ungio limechomelewa, mwendo huo wote hutafuta pa kutokea, na kwenye barabara ya changarawe hupapata haraka: bomba hupasuka kando ya mshono, pale ambapo chuma kilibadilishwa na moto wa kuchomelea. Nadhani ndicho mzee wako alichokiona kwenye malori yake.

Kuhusu ungio la katikati, mwambie fundi kwamba ukuta wa bomba hilo una unene wa milimita moja na nusu hivi, na mashine ya kuchomelea kwa vijiti katika mkono mzito hulitoboa badala ya kuliunga. Mashine ya waya inafaa zaidi. Bomba lishikwe kwa nukta tatu au nne za kuchomelea likiwa mahali pake chini ya gari, kisha litolewe na mshono umaliziwe nje, mbali na tangi na mabomba ya petroli. Akishika nukta zile, waya wa betri wa upande hasi uwe umefunguliwa, na kishikio cha ardhi cha mashine kifungwe kwenye bomba lenyewe, karibu na anapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi au kompyuta ya gari. Akihitaji kipande cha kujazia, akatae bomba lililopakwa zinki, kwa kuwa moshi wa zinki iliyoungua humletea mchomeleaji homa. Mshono ukishapoa usuguliwe na kupakwa rangi inayohimili joto, maana kutu huanzia hapo.

Sasa niseme jambo linalonisumbua katika barua yako, nalo ni ile harufu ndani ya gari. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Unachokinusa ni gesi nyingine zinazosafiri nayo. Kaboni monoksidi huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na inaua. Tafadhali usiendeshe safari ndefu wala kuketi ndani injini ikiwaka mpaka uvujaji uzibwe. Kuutafuta ni rahisi: asubuhi injini ikiwa baridi, iwashwe nje mahali penye hewa, mtu mmoja azuie kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilichokunjwa, na mwingine apake maji ya sabuni kwenye kila ungio. Povu litachemka panapovuja. Mara nyingi utaona pia alama nyeusi ya masizi iliyotawanyika kama ufagio kutoka kwenye mwanya. Msisahau maungio ya mbele, karibu na injini, kwa sababu uvujaji ulio kabla ya sensa ya oksijeni (kifaa kinachoipimia kompyuta oksijeni iliyobaki kwenye moshi) huvuta hewa ndani, kompyuta ikadhani mafuta ni machache, ikaongeza, nawe ukalipia petroli bure.

SWALI: Sailensa yangu mpya ina tundu dogo upande wa chini na asubuhi hutoa matone ya maji. Fundi anataka kulichomelea. Akubaliwe? — Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana, aliache wazi. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke na kugeuka matone sailensa inapokuwa baridi. Tundu hilo limewekwa kiwandani ili yatoke. Likizibwa, maji yatabaki ndani na kuiozesha sailensa, hasa kwa mtu wa safari fupifupi za mjini. Ila gusa kingo zake kwa bisibisi. Zikiwa ngumu na hazikwaruzi, hakuna tatizo. Zikimeguka, hilo ni tundu la kutu, na hapo kuchomelea hakutasaidia kwa kuwa chuma kinachozunguka pale kimeshakwisha.