Anzia kwenye shamba, usianzie kwenye jina

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama, kabla ya babu yake babu kulikuwa na nani, na mbona sisi tukiulizwa asili tunataja watu wawili watatu halafu kimya?" Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona haitoshi, mambo haya yataka kukaa, basi nakuandikia na wewe soma polepole.

Watu wengi wakitafuta wazee wao huanza na jina, na hapo ndipo wanapotea. Majina ya huku pwani yanajirudia, mjukuu anapewa jina la babuye, na babuye naye alipewa la babuye, yaani ukikuta Mohamed bin Ali bin Mohamed kwenye karatasi ya zamani utashangilia kumbe ni mtu mwengine kabisa wa mtaa wa pili. Wewe anza na shamba. Shamba halihami, na kila aliyelishika ilibidi aseme kalipataje.

Hapo ndipo historia ya ukoloni inaingia. Huu ukanda wetu wa pwani ya Kenya, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakapewa kuuendesha kwa mkataba wa 1895, na mwaka 1908 wakaleta sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye kudai shamba au kiwanja alitakiwa aende mbele ya msajili na ushahidi wake, awe na karatasi au awe na mashahidi, na ardhi ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai ikahesabiwa ni ya serikali. Sasa fikiria mtu amesimama pale anaulizwa shamba hili umelipata wapi, atajibu nini kama si kutaja wazee wake? Nimerithi kwa babangu fulani, naye alinunua kwa fulani bin fulani. Mkoloni alikuwa anatafuta mipaka yake na ardhi ya kuchukua, lakini bila kukusudia akatuandikia nasaba.

Ila usisahau ni nani hawakuandikwa. Wamijikenda wengi hawakupeleka madai, ardhi yao ilikuwa ya ukoo na kaya (makao yao ya asili msituni), haikuwa na karatasi ya mtu mmoja, na wengine hata habari ya hiyo sheria hawakuipata. Mpaka leo kuna watu wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao, na hilo huniuma kila nikilifikiria. Na 1914 Wagiriama, ambao nao ni Wamijikenda, wakaamriwa watoke ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, wakakataa, wakapigwa, na Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Kwa hivyo ukimsikia mtu wa Kilifi anasema kwao walihamahama miaka hiyo, usidhani ni hadithi, na usidhani hawana asili kwa sababu hawamo kwenye rejista.

Sasa nije kwetu. Babangu alipofariki aliacha sanduku, na ndani mlikuwa na karatasi mbili za herufi za Kiarabu ambazo miaka yote tulidhani ni dua. Nilimpelekea maalimu mmoja akanisomea. Ya kwanza ilikuwa hati ya shamba la babu yake babangu, na imeandikwa mipaka minne kama walivyokuwa wakiandika zamani: kibula, shamba la warithi wa fulani, suheli, njia iendayo pwani, maghribi, mbuyu, matlai, minazi ya Bi fulani. (Kibula kwetu ni kaskazini manake ndiko iliko Makka, suheli kusini, matlai kwenye kuchomoza jua, jifunze haya maneno kabla hujashika hati yoyote.) Nilipomsikia yule Bi wa matlai nilishtuka, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye ile orodha ya hitma, ile karatasi babangu alikuwa akimpa maalimu awasomee wafu wetu kila mwaka. Jina la tatu kutoka juu. Tulikuwa tukimuombea miaka yote na hakuna aliyejua ni nani.

Karatasi ya pili ndiyo iliyonijibu. Ni mgao wa mirathi, mwaka wake ni 1310 wa Hijria, ambao ulianzia katikati ya 1892 ukaishia katikati ya 1893 (usiende kujumlisha tu miaka 600 na kitu, mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hesabu ya kichwa itakudanganya). Shamba limegawiwa mafungu 56. Mafungu 7 ya mjane. Mafungu 14 mara mbili. Halafu mafungu 7 mara tatu. Majina mengine yameliwa na mchwa, lakini sheria ya mirathi unaijua: mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kwa hivyo aliyekufa aliacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Sisi tulikuwa tunawajua wale wana wawili tu! Mabinti watatu walipotea midomoni mwa watu, wakabaki kwenye hesabu. Yule Bi wa matlai ni mmoja wao, dada yake babu yake babangu, na minazi yake ilipakana na ya kakake kwa sababu lilikuwa shamba moja kabla ya kugawanywa. Nililia siku hiyo mwanangu, sikufichi.

Basi unapopata hati yoyote usimsome mwenye shamba peke yake, soma majirani na mashahidi, mara nyingi ni mashemeji na wajomba. Na ukikuta mwisho wa jina pameandikwa taifa la mtu, yaani kundi la asili yake mjini, usilipite. Mji wa Mombasa una mataifa yake thenashara (kumi na mawili), Tisa na Thelatha (matatu), hao Thelatha ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, na kwenye Tisa wamo watu wa Mtwapa, Kilifi, Shaka, Pate, Faza. Hayo ni majina ya miji, yanakwambia walitoka wapi kabla ya kukaa hapa.

Lakini lile neno Mswahili au Mwarabu kwenye makaratasi ya serikali lisikutoe akili. Kodi na haki zilikwenda kwa kabila, na mtu yuleyule unaweza kumkuta kaandikwa hivi huku na vile kule.

Kuna moja nataka ulisikie kwangu kabla hujalikuta mwenyewe. Upande wa mamangu kuna bibi ambaye kwenye karatasi ya ndoa hana jina la baba, ameandikwa "huru wa" halafu jina la mwenye nyumba. Unajua maana yake, alikuwa mtumwa akaachwa huru. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria huku kwetu mwaka 1907, na fidia waliopewa haki ya kuidai ni wenye watumwa. Aliyekuwa mtumwa hakuwa na shamba la kudai mwaka uliofuata. Kwake hakuna mipaka minne, kuna mstari mmoja tu. Watu wengi wakifika hapo hufunga daftari au hujitungia babu wa Oman. Wewe usifanye hivyo. Muandike kama alivyoandikwa, kisha tafuta ile nyumba aliyotoka, kwa sababu mirathi na wakfu za wale mabwana mara nyengine huwataja watu wao kwa majina.

Kazi yenyewe sasa. Chukua risiti yoyote ya zamani ya kodi ya kiwanja utoe namba ya ploti, ukiona herufi MN ni Mainland North, uende nayo ofisi ya ardhi ufanye sachi (upekuzi wa rejista), uombe kuona na hati zilizotangulia. Kuna ofisi waliniambia faili halipo, nikarudi mara ya nne likapatikana, kwa hivyo usikate tamaa siku ya kwanza. Gazeti la serikali lilianza 1899, utakuta humo matangazo ya mirathi, na nakala nyingi ziko Google Books hata huko uliko. Ripoti za wilaya ziko Nairobi kwenye makavazi ya taifa pale Moi Avenue. Nyumba yetu ya mtaa wa Majengo usiitafute kwenye hati, babangu alimiliki kuta na paa tu, ardhi ilikuwa ya mtu, alikuwa akimlipa kodi ya ardhi kila mwezi.

Na mpigie mamako mkubwa wiki hii, baada ya adhuhuri akishapumzika. Ile orodha ya hitma ilichanika upande wa chini na yeye ndiye aliyekuwa akiisoma tangu msichana. Mrekodi sauti. Anza kwa kumuuliza nani amezikwa karibu na mbuyu, hapo mwenyewe ataendelea.

Mamako