Bendisoo mpya inakata upande: usikimbilie kununua bledi nyingine, anzia kwenye wili

Mkuu umeuliza mambo matatu: bendisoo yako mpya ya inchi 14 (msumeno wa bledi ya utepe inayozunguka kwenye magurudumu mawili, ndizo wili) inakula upande ukipasua mninga, duka limekwambia bledi ni mbovu nunua nyingine, halafu jioni mota inanguruma inachoka, na mwisho unataka kujua kama unaweza kupasulia magogo nyumbani. Mi niko Tabora hapa hapa, Kiloleni, karakana iko uani kwangu, natengeneza viti na mizinga ya nyuki na kazi nyingi zinapita kwenye bendisoo, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyofanya kila siku.

Kiukweli mashine hii ina mpangilio wake, kila kitu kinakaa juu ya kile kilichotangulia. Ukianza na gaidi (vile vishikio vinavyoibana bledi pembeni na nyuma isiyumbe) wakati wili hazijakaa sawa utafungua na kufunga nati mpaka magharibi na bado itakula upande. Na watu wengi wanaanzia kwenye gaidi kwa sababu ndizo zinazoonekana.

Chomoa waya kwanza, sio kuzima swichi tu, chomoa kabisa. Halafu ipigie pima maji isimame bila kucheza, sakafu zetu za uani nyingi zina mteremko wa maji ya mvua kwa hiyo tafuta kipande cha mbao ngumu uchomeke chini ya mguu. Mashine ikicheza bledi nayo inacheza. Ukumbuke pia hiyo boksi imetoka Dar kwenye lori, imerushwa njia nzima, kwa hiyo usiamini kwamba kiwandani walishaseti. Walishaseti ndio, ila ya kiwandani imeishia barabarani.

Sasa rudisha gaidi zote nyuma, za juu na za chini (za chini ya meza watu wanazisahau sana), zisiguse bledi kabisa. Vaa glovu ukivalisha bledi, meno yaangalie kwako na yaelekee chini. Kaza bledi (kiasi cha mkazo nakueleza hapo chini), kisha chukua rula ndefu ya chuma au mbao uliyoipiga randa ikanyooka kweli, ilaze ipite kwenye nyuso za wili ya juu na ya chini. Iguse zote juu na chini. Kama wili moja imeingia ndani, mashine nyingi za saizi hii unaongeza washa (kile kipete bapa cha chuma) nyuma ya wili au kuna bolti za kurekebishia, angalia kitabu chake. Na usihukumu hilo kabla hujakaza bledi, maana mkazo unaivuta fremu kidogo na vipimo vinabadilika.

Mkazo wenyewe: ile springi yenye mistari ya namba mi naitazama tu kama makadirio. Pandisha gaidi ya juu ibaki kama sentimita 15 ya bledi iko wazi, sukuma bledi kwa kidole ubavuni, nguvu ya kawaida, ikienda kama milimita 6 uko pazuri. Ikilegea kama kamba ya kuanikia nguo kaza tena.

Hapa ndio penyewe, soma taratibu. Zungusha wili ya juu kwa mkono, huku unageuza kile kitasa cha nyuma kinachoiinamisha. Uso wa wili sio bapa, mpira wake umeumuka katikati kidogo, kwa hiyo bledi ikikaa mbele ya ule mwinuko inaelekea upande mmoja, ikikaa nyuma inaelekea mwingine. Yaani kule juu ukisogeza bledi kidogo tu, huku mezani mwelekeo wa kukata unabadilika. Mtu anaona mbao inakimbia fensi (ule ukingo wa mezani wa kuegemeza mbao) anadhani bledi mbovu! Mi kwa bledi pana ya nusu inchi naiweka mpaka yale mabonde ya kati ya jino na jino yakae katikati ya wili, nazungusha tena mizunguko kadhaa nione haihami, ndio nafunga kile kitasa. Halafu angalia na mpira, kama una unga wa mbao umegandamana na utomvu uparue kwa kijiti, kabonge kadogo tu kanafanya bledi iruke.

Baada ya hapo ndio gaidi. Kata kipande cha karatasi ya daftari, kiweke kati ya gaidi na bledi, sogeza gaidi mpaka karatasi ishikwe kidogo lakini ukiivuta inatoka bila kuchanika, kaza, rudia upande wa pili. Gaidi za pembeni ziishie nyuma ya yale mabonde, zikigusa meno zinayavunja ule mpinduko wake (yanavyopinda moja kushoto moja kulia) na hapo kweli bledi imekufa. Ile biringi ya nyuma iachie nafasi ya karatasi hiyo hiyo, isizunguke bledi ikiwa haina kazi, izunguke pale tu unaposukuma mbao. Fanya juu kisha chini, halafu zungusha kwa mkono mzunguko mzima ukiangalia pale bledi ilipoungwa, kama kiungo kina kinundu utakisikia kinagonga, kipige tupa nyuma na ubavuni.

Meza uiseti mwisho, skwea ikae juu ya meza na igusane na bledi bila mwanga kupita kati, kisha fensi. Chora mstari kwenye ubao mchafu, ukate bila fensi ukifuata mstari, ukifika nusu zima mashine ubao ukiwa umeushika pale pale, uone umelala kwa pembe gani. Ukiwa sambamba na ukingo wa meza fensi yako itakubali. Ukiwa umelala, rudi kwenye wili ya juu kwanza kabla hujaipindisha fensi.

Mi nahangaika na hivi vyote kwa sababu ya mizinga. Nyuki wetu wanataka kiunzi cha juu (ule ubao mwembamba wanaoning'inizia sega) chenye upana wa milimita 32, kikizidi au kikipungua wanaanza kujenga masega yanavuka kiunzi hiki kwenda kile, na siku ya kurina unararua kila kitu. Huwezi kumuuzia mtu wa Sikonge mzinga wa hivyo akakurudia.

Kuhusu hilo duka: bledi iliyokuja na mashine yaweza isiwe mbovu, ila angalia meno. Kwa kupasua mninga wa inchi 6 unataka meno matatu kwa inchi, upana nusu inchi. Yenye meno mengi mabonde yake yanajaa unga, unasukuma kwa nguvu, bledi inapinda ndani ya mbao na inatoka na tumbo. Ya robo inchi meno sita iache kwa kukata kona. Bledi ikigusa msumari upande mmoja nayo itavutia upande wenye makali, hiyo hairekebishiki kwa kuseti, badilisha.

Umeme. Mota ya hapawa (nguvu za farasi) moja na nusu na waya mwembamba wa eksitensheni ya kuchajia simu haviendi pamoja. Vuta kebo ya milimita mraba 2.5 kutoka kwenye sakiti breka yake peke yake, erthi iwepo kweli, na kama unatumia eksitensheni ikunjue yote, ikiwa imeviringishwa inachemka. Jioni umeme ukishuka hadi taa zinafifia acha kupasua, mota inavuta ampea nyingi zaidi kwa kazi ile ile na ndio hilo joto na mngurumo. Mi kupasua ni asubuhi, jioni napiga msasa.

Na mask vaa mkuu, unga wa mninga unabana kifua na kuwasha ngozi, wapo mafundi wanaokohoa miaka wakidhani ni baridi. Meza ya chuma kipindi cha mvua inashika kutu haraka, nta ya nyuki hapa kwetu haina shida kuipata, sugua nyembamba kisha futa kwa kitambaa kikavu, mbao zinateleza vizuri na kutu haisogei. Ukimaliza siku legeza mkazo wa bledi, mpira wa wili usibonyee.

Magogo sasa. Gogo la duara usilipitishe mezani bila kulifunga, bledi inalikamata inalizungusha na mkono wako unafuata. Tengeneza kitanda cha mbao chenye ukingo ulionyooka, lifunge gogo kwa skrubu pembeni lisigeuke, pasua upande mmoja uwe bapa, ndio ulaze huo upande mezani. Mashine ya inchi 14 kwa kawaida inapitisha kimo cha inchi 6 tu, kwa hiyo ni vipande vifupi, gogo kubwa peleka kwa wenye mashine kubwa. Na mninga uwe na vibali na risiti za misitu, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) wakikuta gogo uani bila karatasi hutakuwa na la kueleza.

Angalia namba zilizochapwa ubavuni mwa bledi yako, nyingi za saizi hii ni milimita 2375 lakini sio zote. Ziandike hapa na picha ya wili ya juu mlango ukiwa wazi, nikuambie inakaa mbele au nyuma.