Nimeiacha dawa ya baridi yabisi kimyakimya

SWALI: Assalam alaykum, dada muuguzi. Nina miaka 71, naishi Kisauni. Baridi yabisi ilinikaza vidole hata nazi nakuniwa na wajukuu, na leso asubuhi nafungwa. Daktari alinipa metotreksati ya kila Ijumaa, na prednisoloni ya kila siku. Mwezi wa tatu vidole vikaanza kulegea. Kisha jirani akaniambia dawa hizi zinaua kinga, tena kuna mzee mtaani alizitumia akafa kwa nimonia. Nimeacha wiki mbili sasa. Hata mwanangu hajui.

JIBU: Waalaykum salaam, bi mkubwa, shikamuu. Hukusema umeacha ipi. Kama prednisoloni nayo umeikata ghafla, rudi kwa daktari leo, usingoje tarehe yako. Mwili uliozoea dawa hiyo kwa miezi huweza kuishiwa nguvu vibaya ikikatwa ghafla. Hupunguzwa kidogokidogo.

Hofu yako si ya bure. Kinga yako ndiyo inayovishambulia viungo, kwa hiyo dawa huituliza, na ikitulia sana maradhi hupata njia. Umri nao una lake: metotreksati hutolewa na figo, na figo za uzeeni huchoka. Dawa ikibaki mwilini, chembe za damu hupungua. Ndiyo maana unaitwa kupimwa damu, ini na figo hata ukijiona mzima.

Lakini baridi yabisi ikiachwa nayo hukaribisha maambukizi, na vidole vikipinda havirudi. Mimi naihofia zaidi prednisoloni ya muda mrefu, maana huongeza maambukizi na huweza kuificha homa. Muulize daktari: metotreksati ikishafanya kazi, hii nyingine tuipunguze lini?

Jambo linaloniuma ni la dukani. Mtu akikohoa, hupewa Septrin, dawa ya kuua bakteria. Wewe usiinywe kabisa. Ikikutana na metotreksati huweza kuangusha chembe za damu hadi mtu akafa. Kokote uendako kwa dawa, anza na jina la metotreksati.

Ukirudishiwa dawa, kumbuka ni mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku. Ukipata homa, vidonda mdomoni au pumzi ikikubana, usimeze ya Ijumaa hiyo kabla ya kuonana na daktari. Mjukuu akikohoa wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Chanjo ya mafua na ya nimonia ziulizie. Ya homa ya manjano haikufai, ina virusi hai.

Na mwanao mwambie leo. Homa ikikupanda usiku, yeye ndiye atakayekupeleka hospitali, naye ajue unatumia nini.