Muulize Shangazi: Pasaka niende Kondoa au nitume hela?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 27, nipo Kariakoo duka la jumla upande wa stoo, kwetu Kondoa. Mama sijamuona huu mwaka wa pili, Idi kila nikitaka kwenda inashindikana maana mwezi haueleweki, mnaambiwa usiku kesho Idi sasa utapanda gari gani saa hizo. Pasaka hii kuna siku nne, Ijumaa mpaka Jumatatu, ila bosi anasema Jumatatu duka linafunguliwa. Halafu nna laki na nusu tu na kule kuna wajomba, baba wadogo, mashangazi ndo usiseme, nikitokea mikono mitupu watasema mjini nazurura. Niende au nimtumie mama hiyo hela kwa simu basi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Hela ya simu mama anaitoa kwa wakala inaisha wiki hiyo hiyo, wewe hakuoni. Na umewaza vizuri, Pasaka si yenu lakini siku nne ni za wote na tarehe inajulikana mapema, so tiketi unakata mapema pia.

Tupige hesabu. Treni ya SGR Dar mpaka Dodoma ilipoanza 2024 daraja la kawaida ilikuwa 31,000, cheki kama imepanda, kwenda na kurudi ni 62,000. Panda ya asubuhi Ijumaa, ukishuka Dodoma chukua bajaji hadi stendi ya Nanenane utafute basi la Kondoa, siku hizi lami tupu, jioni uko nyumbani. Ila usisubiri wiki ya sikukuu ndo ukate tiketi utalia.

Kuhusu bosi. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya serikali, na sheria ya ajira ya 2004 inasema ukifanya kazi sikukuu unalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sasa usimvamie na sheria mkononi, utaharibu. Tafuta mwenzako ambaye kwao ni hapo hapo Dar, mwambie habari ya hiyo mara mbili uone kama hatakubali kukushikia zamu, halafu ndo mwende kwa bosi wawili mkiwa na jibu tayari. Akigoma kabisa basi rudi Jumapili, siku mbili na mama si haba. Na likizo yako ya mwaka je, siku 28 za kisheria, mbona hujaitaja hata kidogo? Hilo niandikie tena, limenikera.

Mizigo sasa. We uko Kariakoo kwenye bei ya jumla unalia nini, mchukulie mama doti moja ya kanga na sukari kilo kadhaa, wajomba watakuja wenyewe kwa mama wakisikia umefika, watakunywa chai ya hiyo sukari. Usizunguke nyumba kwa nyumba. Mimi niliwahi kwenda kwetu siku tatu nikazizunguka zote kusalimia ukoo, mama nilimuona usiku tu amechoka anasinzia, mpaka leo naumia.

Na ukikuta mlenda umepikwa usijifanye umeshiba chipsi za Dodoma.