Jibu: Kioo cha mbele kimeingia ukungu mweupe baada ya supaglu

Salaam mkuu. Nimekusoma: modeli yako ya plastiki ya gari la Datsun 240Z (kipimo cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi), mfano wa ile nyekundu iliyoshinda Safari Rally 1971, ilikuwa imebaki kioo tu. Ukakibandika kwa supaglu usiku, asubuhi ukakuta kimeota ukungu mweupe kwa ndani.

Kwanza pitisha kijiti cha pamba chenye maji juu ya huo ukungu. Ukipotea, halafu ukarudi kioo kikikauka, basi uko juu juu, plastiki yenyewe haijaliwa. Thina na asetoni weka mbali kabisa! Mimi nilikurupuka na thina kwenye modeli yangu ya tatu, kioo kikajaa nyufa kama tope la kiangazi.

Tenganisha bodi na chasi, kibandue kioo polepole, kisha kisugue kwa dawa ya meno nyeupe (ya jeli haifai) na kipande cha fulana kuukuu. Zungusha bila kukandamiza. Yangu ilichukua kama dakika kumi na tano. Kikigoma kubanduka usikilazimishe, sugua hapohapo kwa kijiti cha pamba.

Kilichokuponza ni mvuke wa supaglu. Hunasa penye unyevu na alama za vidole, na kwa joto la huko Mombasa, ukifunga bodi mapema mvuke hauna pa kutokea. Vioo mimi nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Ukikwama tupia picha tuone gundi imekaa wapi.