Oveni ikiandika F3, usikimbilie kununua sensa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia ujumbe mrefu wenye uchungu. Oveni yake inaandika F3, yaani msimbo wa hitilafu, ameshabadilishiwa sensa ya joto mara mbili, na msimbo umerudi vilevile. Anauliza anunue ya tatu au aiuze oveni yenyewe. Dada yangu, rudisha pochi ndani. Hilo lililokupata limenipata na mimi si zamani, na hasira zake bado sijazimaliza.

Ninyi mnaooka kwa oda mnajua maana ya oveni kukata moto katikati ya kazi. Yangu ilikuwa inaanza vizuri tu, inapanda joto bila shida, halafu ikishakolea inalia, inaandika F3 na kujizima. Ukiiacha ipoe inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Lishikeni hilo la kupoa, maana ndiko fumbo lote lilikokuwa.

Fundi niliyemwita alitoa hukumu kabla ya kufungua hata skrubu moja. Alisoma F3 kwenye skrini, akasema sensa imekatika, akataja bei. Ni kweli, katika oveni nyingi F3 ina maana kwamba bodi, yaani ile sakiti inayoiongoza oveni, haipati usomaji wa sensa, ingawa kila mtengenezaji ana orodha yake na ni lazima uangalie kitabu cha oveni yako. Akabadilisha, akalipwa, akaenda zake. Oveni ikafanya kazi kidogo, kisha F3 hiyo hapo. Nilipompigia simu akanijibu, "Dada, hiyo ni oveni ya nyumbani, wewe unaitumikisha kama ya kiwanda." Sikuumia kwa ajili ya pesa peke yake. Niliumia kwa sababu alisema na mimi kama mtu asiyeijua kazi yake, na mimi kazi hii ndiyo inayonilisha.

Basi nikanunua multimita, ile mita ya kupimia umeme.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni hiki: sensa haiandiki msimbo. Anayeandika ni bodi. Bodi inachosema ni kwamba haisikii chochote kutoka kwenye sensa. Huenda sensa imekufa, huenda waya umekatika njiani, na huenda bodi yenyewe ndiyo kiziwi. Ukinunua spea kwa kusoma skrini tu, unamwamini mtuhumiwa akueleze nani mwizi.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha oveni, na nikahakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme uliobaki. Hapo hakuna mzaha; volti 220 hadi 240 haziulizi kama wewe ni mwanafunzi. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikapiga picha ya kila waya ulivyokaa, kisha nikachomoa plagi ya sensa pale inapoingia kwenye bodi. Nasisitiza, pale kwenye bodi, ili waya wote uingie kwenye kipimo pamoja na sensa. Sensa za oveni nyingi ni zile za platini zinazosoma omu 1,000 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme) kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, na upinzani unapanda karibu omu 3.85 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo katika chumba cha nyuzi 25 unatarajia kuona kama 1,097. Yangu ilikuwa hapohapo. Nikautingisha waya kuanzia mwanzo hadi mwisho, namba haikuruka. Nikapima kila pini ya plagi na bati la oveni, mita haikusoma kitu, yaani waya haujagusa mwili wa oveni.

Halafu nikaichukua sensa ya zamani, ile "iliyokatika." Nilikuwa nimekataa fundi asiondoke nayo. Nikachovya ncha yake kwenye maji yanayochemka, waya ukiwa nje. Namba ikaanza kupanda taratibu: 1,200, 1,300, ikatulia karibu na 1,385, ambayo ndiyo namba ya nyuzi 100. Nilisimama pale jikoni nacheka peke yangu. Sensa ilikuwa nzima kabisa.

Iliyobaki ni bodi, na bodi sikuigusa mimi. Nilimwita mzee mmoja fundi wa elektroniki, mtu wa maneno machache. Alikuja, akaondoa nyaya za elementi zinazopasha oveni ili kisiwake kitu, akachomeka rezista, kijidude chenye upinzani usiobadilika, ya omu 1,100 mahali pa sensa ili bodi idhani oveni iko baridi tu. (Hili msijaribu wenyewe na elementi zikiwa zimeunganishwa. Bodi iliyodanganywa hivyo itapasha bila kukoma.) Kisha akachukua mashine ya kukaushia nywele, akaipulizia bodi hewa ya moto. Haikuchukua muda, F3. Hakuna sensa, hakuna waya wa sensa, na bado F3. Alipoigeuza bodi na kuniwekea lenzi, nikaona kwenye mguu mmoja wa soketi ya sensa duara jembamba jeusi kwenye risasi ya lehemu inayoushikilia. Lehemu imepasuka. Bodi ikipata joto mguu unaachana na risasi, ikipoa vinagusana tena. Alilehemu upya, akabadilisha na kapasita moja iliyokuwa imevimba kichwani, akaifunga.

Sasa nisikilizeni, wenzangu. Pimeni kwanza. Mtu akikwambia kifaa fulani kimekufa, mwambie akuonyeshe kwenye mita. Akiona aibu kupima mbele yako, hana anachokijua. Kama msimbo wako ni wa kitufe kilichoganda, kanuni ni ileile: umeme ukiwa umezimwa chomoa waya bapa wa vitufe, washa, uone kama msimbo umeondoka. Ukiondoka, shaka iko kwenye vitufe. Ukibaki, ni bodi. Pimeni kwanza! Na kila spea inayotolewa kwenye oveni yako ni mali yako, idaini, hata kama ni takataka. Tunajifunza kuoka usiku na mchana, kwa nini tusijifunze mashine inayotulisha? Ukikaa mbali na mashine yako, kila anayepita na bisibisi atakuwa bosi wako.

Mkinunua bodi mpya, soma namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe pamoja na ile ya modeli iliyo kwenye fremu ya mlango, maana oveni mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na bodi tofauti. Na kabla ya kuifunga, sikiliza feni ya kupoza iliyo juu. Yangu ilikuwa imejaa vumbi na mafuta, inazunguka kwa uvivu, na joto lote likawa linaishia kwenye bodi. Kama oveni yako ina ule usafishaji wa joto kali unaofika karibu nyuzi 500, feni dhaifu pamoja na usafishaji huo vitaimaliza bodi mpya kama vilivyomaliza ya kwanza.

Yule fundi wa kwanza alinipigia baadaye kuuliza kama sensa yake inafanya kazi. Nikamwambia inafanya kazi vizuri sana, na ile aliyoitoa pia.