Kompyuta imezeeka, nipige Windows 11 au niiache?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi, pole na majukumu. Nina laptopu yangu niliinunua 2016 ikiwa mpya kabisa na mpaka leo inawaka, betri tu ndo imekufa kwa hiyo natumia ikiwa kwenye chaja muda wote. Ni Core i5, rami 4, hadi diski 500, ina Windows 10. Shida ni kwamba inaniletea tangazo skrini nzima eti Windows 10 imeisha muda wake na kompyuta yangu haifai kwa Windows 11, halafu mdogo wangu wa mwisho anasema hayo ni maneno tu, ameona ujanja kwenye video atanipigia 11 kwa lazima ndani ya saa moja na itakuwa nyepesi. Kusema kweli ni nzito mno, naiwasha naenda kuoga narudi bado inazungusha. Ila hesabu zote za kikundi chetu ziko humo, Exceli za miaka sita, na printa yangu ya zamani. Naogopa. Nimwache ampige au nikatae, na nikikataa ndo nibaki hivihivi? – *Mweka hazina mwenye wasiwasi*

JIBU: Nzuri dada yangu, na pole kwa hilo tangazo, linakera hasa ukiwa na haraka. Kwa kifupi, mzuie mdogo wako asiiguse bado. Huo ujanja upo kweli na unafanya kazi, ila hautaipa laptopu yako wepesi. We una matatizo mawili umeyatia kapu moja, kuna usalama na kuna uzito, na kila moja lina dawa yake. Tuanze na usalama maana ndo wenye tarehe.

Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft wakaacha kuitolea apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo haliizimi kompyuta, itawaka vilevile, Exceli itafunguka vilevile, printa itachapa vilevile. Ila kila mwezi yanagunduliwa matundu mapya kwenye Windows, zamani tundu likionekana linazibwa kwa apdeti, sasa hivi kwako linabaki wazi na wahuni wanalijua. Unakumbuka Mei 2017, kile kirusi cha WannaCry kilichofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai hela, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa? Kinachoniuma kwenye ile stori ni kwamba dawa yake ilishatolewa Machi, miezi miwili kabla, na kompyuta nyingi zilizoliwa zilikuwa Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapewa apdeti, wenyewe tu hawakuziingiza. Kwa hiyo ukiniuliza kuapgredi na kuapdeti kipi kikubwa ntakwambia kuapdeti, na apdeti unaweza kuzipata bila kupiga Windows mpya, nakuja huko.

Kwanza kwa nini wanakwambia haifai. Fungua setingi, nenda sehemu inayoonyesha taarifa za kompyuta, utaona jina la prosesa, mfano i5-6200U. Hiyo 6 baada ya kistari ndo kizazi chake. Zikiwa tarakimu tano kama i5-10210U unasoma mbili za kwanza, kizazi cha 10. Kwa Intel, ukiacha chache sana, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8 ambacho kilianza kutoka 2017, yaani laptopu yako ya 2016 imekosa basi kwa mwaka mmoja. Pia wanataka TPM 2.0, ni kijichipu cha kutunza funguo za siri, na rami isiyopungua 4 na diski isiyopungua GB 64. Ona maajabu sasa, kwenye rami na diski we umefaulu, kilichokuangusha ni umri wa prosesa tu.

Na huo ujanja wa kulazimisha mi mwenyewe nilishaufanya kwenye laptopu yangu ya zamani, nikajisifu wiki nzima. Ilikubali bila noma. Baadaye pedi ya kugusa ikawa inafanya kazi inapojisikia, draiva ya 11, yaani kiprogramu cha kuendesha hiyo pedi, kwa mashine ile haikuwepo na ile ya zamani inagomagoma, nikawa sitoki bila mausi mfukoni. Hilo nikalivumilia. Lililonishinda ni pale toleo jipya la mwaka lilipotoka, wenzangu wakaletewa, yangu kimya, nasubiri wiki, mwezi, kimya, mwisho nikadaunlodi faili zima la Windows, GB kadhaa, nikarudia ujanja uleule toka mwanzo. Na Microsoft wameandika wazi kwamba mashine iliyolazimishwa hawaihakikishii apdeti. Yaani umekimbia 10 kwa kukosa apdeti unaenda kwenye 11 ambayo apdeti zake ni za hisani! Kwa mtu kama mimi anayechezea mashine sawa, kwa mweka hazina aliyeshika hesabu za watu hapana.

Sasa uzito. Naomba ufanye kitu kimoja leo. Izime kabisa, iwashe, usifungue chochote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kitafunguka kidirisha kinachoonyesha nani anakula nini. Kuna safu ya prosesa, ya rami na ya diski. Kwa maelezo yako nategemea utakuta prosesa imetulia kwenye asilimia 10 au 15, na diski imeganda kwenye 100, inakaa hapo dakika nzima, inashuka 97 inarudi 100. Laza kiganja chako pale unapoegemeza mkono ukichapa, utaisikia inatetemeka kwa ndani, kr kr kr. Huyo ndo mwizi wako wa muda. Ndani ya hadi diski ya zamani kuna sahani inazunguka na kuna kimkono kinachokimbia juu yake kutafuta mafaili, na Windows ikiwa inawaka inaomba vifaili vidogovidogo maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika, basi kimkono kinaenda huku kinarudi kule, kila safari ni kama sehemu ya mia ya sekunde, we zijumlishe uone kwa nini unamaliza kuoga. SSD, ile diski ya kisasa ya chipu tupu, haina kinachozunguka wala kinachotembea, ndo maana ukiibadilisha mashine ileile, prosesa ileile, inawaka kabla hujavuta kiti. Hakuna Windows itakayokupa wepesi huo, na 11 juu ya hadi diski ya kuzunguka na rami 4 itakuwa nzito kuliko hiyo 10 unayoilalamikia, mdogo wako hapo kachemka.

Kwa hiyo mi ningeanzia kwenye diski. Laptopu nyingi za umri huo zinapokea SSD ya inchi 2.5, inakaa palepale ilipotoka ya zamani, na fundi anaweza kuihamishia kila kitu kama kilivyo bila kupiga upya, Exceli zako na printa utavikuta mahali pake. Rami iongeze ifike 8 kama ina nafasi. Ila usinunue kwanza, ifunguliwe ionekane, maana za kizazi hicho zingine zinatumia rami aina ya DDR3L zingine DDR4 na haziingiliani, na zingine rami imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, hapo huongezi kitu.

Na kabla bisibisi haijagusa skrubu, bakapu. Nakili mbili, sehemu mbili, na usikae nazo begi moja na laptopu. Halafu chomeka kwenye kompyuta nyingine uzifungue kwa macho yako. Kuna mtu aliniletea flashi ya bakapu akiwa na amani kabisa, naifungua nakuta zile shotikati za desktopu tupu, zile zenye kimshale pembeni, mafaili yenyewe yalibaki kwenye diski iliyokufa. Nilikosa la kumwambia siku ile.

Zile apdeti sasa. Microsoft wameweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, unakupa apdeti za usalama za Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ipo njia ya kulipia na ipo ya bure, ya bure unaingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu setingi zako zihifadhiwe kwao mtandaoni. Lazima uwe kwenye toleo la 22H2, ndo la mwisho la Windows 10, kama hujafika huko apdeti kwanza, kisha ukifungua ukurasa wa apdeti utakuta kiungo cha kujiandikisha. Jiandikishe leo, hata hiyo SSD isubiri.

Tarehe hiyo ikishapita una njia mbili, kununua kompyuta nyingine au kuhamia Linux, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, na kwa mashine kama yako ningekutajia Linux Mint, inaridhika na rami 4, toleo la 22 litapewa apdeti hadi 2029. Uzuri wake unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukaijaribu wikiendi nzima ukachomoa ukarudi kwenye Windows yako kama hakijatokea kitu. Jaribu vitu viwili tu, printa na Exceli. Printa za zamani zingine zinakubali papo hapo zingine zinakataa katakata. Na Exceli zinafunguka kwenye LibreOffice, programu inayoshika nafasi ya Exceli huko Linux, za kujumlisha na kutoa hazina shida, ila kama mtu aliwatengenezea ile yenye vitufe vya kubonyeza hapo jiandae kwa vituko. Mdogo wako mpe kazi hiyo ya kuandaa flashi, asije akanuna.

SWALI: Fundi, mi nina desktopu ya Windows 7, haijawahi kuunganishwa intaneti, nachapia barua tu na kuprinti. Kila mtu ananiambia niibadilishe. Kweli?

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Iache. Windows 7 iliachwa Januari 2020 lakini kama haigusi mtandao hatari yako imebaki mlango mmoja, flashi za watu. Mtu akija na flashi yake umprintie, muombe aipitishe kwanza kwenye kompyuta yenye antivairasi inayoapdetiwa. Kuna kirusi kilichofika kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran, Stuxnet, kikagundulika 2010, na kile kilikuwa kinasafiri kwa flashi pia. Ila usije siku moja ukaichomekea modemu "nifungue imeili mara moja tu".

SWALI: Bro mambo, mashine yangu ni ya 2019, prosesa kizazi cha 9, nimejenga mwenyewe, bado inaniambia haina TPM. Ninunue kichipu?

JIBU: Poa mdogo wangu, usinunue kitu, karibu hakika unayo ila imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, ikisema haioni TPM ingia BIOS, zile setingi za ndani zinazofunguka kabla Windows haijawaka, tafuta kitu kinaitwa PTT, hilo ndo jina Intel walilolipa, wenye AMD watafute fTPM, washa, sevu, toka. Wengi wanakwama hatua inayofuata, ya kuhamisha mashine kwenda UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, ili Sikyua Buti, ile kinga ya wakati wa kuwaka, ikubali. Kama Windows yako ilipigwa kwa mtindo wa zamani, yaani diski imepangwa kwa MBR, ukihamisha tu haitawaka na utadhani umeiua. Hujaiua, rudi BIOS urudishe ilivyokuwa itawaka. Kisha ndani ya Windows 10 yenyewe kuna kitu kinaitwa mbr2gpt, kinageuza diski kwenda mpangilio mpya wa GPT bila kufuta mafaili (bakapu lakini fanya, mi sikuwepo!), kikimaliza ndo unahamia UEFI. Kama umewasha BitLocker, ile ya kuifunga diski kwa ufunguo wa siri, isimamishe kabla ya yote haya na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 umeuandika kwenye karatasi. Ukishaingia 11 una siku 10 za kurudi 10 kama hujaipenda, kwa hiyo folda la Windows.old, ndo lenye Windows yako ya zamani, usilifute kabla hazijaisha hata kama diski imejaa.